Madumu Yaliyooshwa

Baba mkwe hakuwa mtu wa kukaa kitako. Alishona nguo za watu miaka arobaini, na macho yalipoanza kumsaliti akauza cherehani, akahamia kwa mwanawe. Mwanawe alikuwa muuguzi, mtu wa kutoka kabla jua halijachomoza. Kwa hiyo aliyeshinda na mzee alikuwa mkwewe, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, ambaye kazi yake ilikuwa kulimia watu mashamba kwa trekta.

Mzee hakumwambia hata siku moja kwamba anampenda. Alimkazia vifungo vya ovaroli. Alifagia banda la trekta mpaka kuku wakakosa pa kuchakura. Na Jumapili moja, mkwewe aliporudi kutoka kumsalimu dada yake, alikuta madumu yake matatu ya dizeli yamepangwa ukutani, yanang'aa kama ya dukani.

"Asante, baba," alisema. "Hata sikuyatambua."

"Si kitu, mama. Yalikuwa yanatia huruma."

Alidhani mzee ameyapangusa kwa nje tu. Jumatatu akayajaza kwenye kituo cha mafuta, akamimina yote matatu kwenye tangi la trekta, akaenda zake kulala.

Kesho yake asubuhi alikuwa anamlimia mwalimu, shamba la ng'ambo ya kijito, si mbali na nyumbani. Hata robo ya shamba alikuwa hajaifikisha, trekta likaanza kukohoa. Moshi uliotoka ulikuwa mweupe. Injini ikagonga, ikajikongoja hatua chache, ikazima. Hakulilazimisha. Aliwahi kumwona mtu aliyelazimisha hivyo akaua pampu nzima. Alishuka, akafungua kikombe cha kioo kilicho chini ya chujio la dizeli, akakiinua juani. Juu dizeli, chini maji. Na pale vilipokutana, utando mwembamba wa povu.

Alinusa kidole. Sabuni ya kufulia.

Hasira ilimpanda, na papo hapo akamwona mzee katika mawazo yake, amechuchumaa penye bomba, mikono ya shati imekunjwa, anatikisa dumu kwa bidii zote. Hasira ikaishiwa nguvu njiani. Huyu nitamwambia nini, alijiuliza. Akakata shauri kusema dizeli ya kituoni ilikuwa mbovu.

Bado alikuwa anatafuta spana alipomwona mzee anakuja mwenyewe, chupa ya chai mkononi, anayakwepa madongoa kama mtu anayekwenda harusini.

"Nilikuwa nalisikia toka nyumbani," mzee alisema. "Mara kimya."

"Maji yameingia kwenye dizeli, baba. Nadhani huko kituoni..."

Mzee alikipokea kikombe, akakisogeza puani.

"Mama, kituoni hawauzi dizeli yenye sabuni."

Mkwewe hakujua auweke wapi uso wake.

"Niliyaosha, nikayasuuza mara mbili," mzee aliendelea, sauti imeshuka. "Niliona yamekauka. Nilitaka ukiyashika usichafuke mikono."

Mikono yenyewe wakati huo ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Wote wawili waliitazama. Mkwe ndiye aliyeanza kucheka. Mzee akajikaza, akashindwa.

"Na mimi niliyajaza bila kuchungulia ndani," mkwe alisema alipopata pumzi. "Kwa hiyo hili ni letu sote. Shika ndoo, baba."

Walifungua koki ya tangi. Maji yalitangulia, kisha mchanganyiko wa rangi ya uji, kisha dizeli. Lakini mkwe hakuiamini hata hiyo, akaitoa yote. Akabadilisha chujio. Halafu akavuta toka chini ya kiti dumu la akiba, jeusi tii, lenye masizi ya miaka. Mzee aliliangalia likimiminwa tangini, akaficha mikono mgongoni.

"Sasa tutoe hewa iliyoingia kwenye mabomba," mkwe alisema, akilegeza skrubu juu ya chujio. "Wewe pampu kishikio hiki kwa kidole gumba. Taratibu, usiache."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mapovu yaishe."

Mzee alipampu. Dizeli ilitoka pale kwenye skrubu ikitema mapovu, na yeye akainamisha kichwa, sikio karibu na chuma. Kidole kilianza kuchoka lakini hakubadilisha mkono.

"Imeacha kukoroma," alisema. "Kaza."

Mkwe aliangalia. Kweli, ilikuwa inatoka safi, bila povu hata moja. Yeye mwenyewe alikuwa hajaliona hilo bado. Akakaza.

Mara ya kwanza kuliwasha, trekta lilikohoa tu. Mara ya pili likashika, likatoa moshi mweupe, moshi ukapungua, injini ikatulia. Aliliacha lingurume palepale wakati wanakunywa chai, zamu kwa zamu katika kifuniko cha chupa. Mzee alisikiliza injini huku akitikisa kichwa kidogo, kama anayefuata mazungumzo.

"Leo mwanangu akirudi nitamwambia mwenyewe," alisema. "Usinifichie."

"Sawa, baba." Akamalizia chai yake. "Kesho naanza shamba la bondeni. Lina kona nyingi, na masikio yako ni mazuri kuliko yangu. Twende wote?"

Mzee alifunga chupa polepole, akakaza kifuniko zaidi ya ilivyohitajika.

"Unatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Basi saa kumi na moja chai itakuwa tayari."