Mwanabaraka Hakatwi Mkono

Mwaka ule wa hamsini na saba karafuu zilizaa hata matawi yakalala. Mwanabaraka na mumewe Pandu walikuwa wakichuma katika shamba la Bwana Mbaruk, nje kidogo ya Chake Chake. Mke ndiye aliyepanda, kwa kuwa alikuwa mwepesi na hana woga, na mume alibaki chini kumvutia matawi kwa kamba. Asubuhi moja Pandu alivuta tawi nene hadi likamfikia mkewe kifuani, naye akaliegemea akichuma kwa mikono miwili. Mara akapita Ame, jirani yao, na habari za uchaguzi. Pandu akaanza kubisha, na maneno yalipomkolea akataka kuonyesha kwa mikono jinsi watu walivyojipanga kupiga kura. Akaiachia kamba.

Tawi likaruka, likamrusha Mwanabaraka. Bega lake la kulia lilijipiga kwenye panda ya chini, kichwa kikaenda huku na bega likaenda kule, kisha akafika ardhini. Kabla macho hayajaingia kiza aliiona kamba ikining'inia peke yake, na akamsikia mumewe akipiga ukelele:

"Shetani! Kasukumwa na shetani!"

Ame aliona kila kitu. Akainama kumbeba pamoja na Pandu, na habari ya kamba hakuitaja.

Mfupa haukuvunjika hata mmoja, lakini mkono ulilala ubavuni kama mkono wa kanzu isiyo na mtu ndani. Daktari wa Pemba alimgusa shingoni, akambonyeza begani, akamchoma kwa pini asisikie kitu. Kisha akamgeukia Pandu na kumweleza kwamba mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi imevutwa kwa nguvu, na huenda mingine imekatika. Wangoje nusu mwaka. Ukibaki hivi hivi, afadhali ukatwe juu ya kiwiko, maana mkono usio na fahamu huungua na kuoza mwenyewe asijue. Mwanabaraka alikuwa amelala pale pale kati yao, akisikia kila neno. Hakuna aliyemuuliza chochote.

Nyumbani Pandu akamwitia mganga. Usiku kucha alipigiwa ngoma, akafukizwa mpaka machozi yakamtoka, apungwe shetani asiyekuwapo, na aliyemwangusha kakaa pembeni anaitikia. "Nikisema sasa," alijiambia, "watasema ni shetani anayesema."

Mambo yakabadilika baada ya mvua za vuli. Kidole chake cha mwisho kilitikisika, na baada ya siku kadhaa kikatikisika cha pili. Mpaka kaskazi inakatika vidole vyote vilikuwa vikikunjika, ingawa kidole gumba kilikuwa na ganzi, na bega na kiwiko vilikuwa vimekufa vile vile. Akamwambia mumewe.

"Vidole vyaamka, Pandu. Tazama."

"Ni mishipa inashtuka tu hiyo," alisema Pandu bila kuinua macho. "Daktari keshasema."

Ulipotimia muda akampeleka Unguja. Daktari mkubwa wa upasuaji, Mwingereza aliyekuja kwa muda, alikuwa safarini. Msaidizi wake alimchoma Mwanabaraka pini begani na juu ya kiwiko tu, vidole asiviguse, akamuuliza Pandu mkono unaendeleaje. Pandu akajibu umekufa wote. Mwanabaraka alipofungua kinywa kusema, msaidizi alikuwa keshainuka anakwenda kwa mgonjwa mwengine.

Kesho yake asubuhi, nesi Thuraiya, binti wa Kiunguja mwenye sauti ya upole, alikuja na beseni la maji na wembe.

"Haya Bi Mwanabaraka, tukusafishe kwapa. Usile kitu. Leo unakwenda kukatwa."

"Kukatwa nini?"

Thuraiya akasita. "Mkono, bi. Hukuambiwa? Mumeo keshatia dole kwenye karatasi ya idhini."

Mwanabaraka aliinuka kitandani ghafla, beseni likamwagika. Pandu alikuwa mlangoni mwa wodi na kikombe cha chai.

"Umetia dole lako kwenye nkono wangu?"

"Mke wangu, taratibu, watu wanatusikia. Nakutakia afya yako."

"Na wasikie! Na asikie kila ntu!" Wanawake wote wa wodi waliinua vichwa. "Ntu huyu ndiye aliyeniangusha! Kashika kamba, akaiachia apate kupunga mikono kwa porojo, kisha kawaambia watu ni shetani! Mimi nimepungwa, nimefukizwa, nimenyweshwa makombe, na yeye kakaa kimya. Sasa anataka wanikate amalize kazi!"

"Bwana, ni kweli?" aliuliza bibi mmoja wa kitanda cha jirani, asiyemjua kabisa.

Pandu alikiweka kikombe chini, akatoka.

Daktari mkubwa, aliyerudi safarini usiku ule, akaingia. Alikuwa mzee mrefu, na alitaka kujua kelele za nini. Mwanabaraka hakumpa nafasi ya salamu.

"Mwambie," alimwambia Thuraiya, "mwambie hivi hivi nisemavyo. Hapana ntu aliyeuliza miye. Wameuliza kila ntu isipokuwa mwenye nkono." Akaushika mkono wake mbovu kwa ule mzima, akauinua mpaka mbele ya uso wa daktari, akakunja ngumi.

Daktari akavuta kiti, akakaa, akampa kidole chake akibane. Akamchoma kila kidole, na safari hii alimtazama mgonjwa usoni na kungoja ajibu yeye. Alipomaliza alisema maneno makali kwa msaidizi wake, ambayo Thuraiya hakuyafasiri. Kisha akasema mengine.

"Anasema hakati," alisema Thuraiya. "Anasema ilimpasa aje kukuona mwenyewe kabla, na anakuomba radhi."

"Radhi nimeisikia. Sasa nkono?"

Daktari alimpasua kwanza juu ya mtulinga, karibu na shingo, kuitazama mishipa yenyewe. Nusukaputi ilipomtoka alimweleza ukweli bila kuupamba: mishipa miwili ya juu, inayoendesha bega na kiwiko, imeng'oka kwenye shina lake, na hapakuwa na pa kushonea. Ile ya vidole ilivutwa tu, imepona yenyewe. Bega halitarudi. Lakini msuli wa kifua ulikuwa na nguvu. Angeweza kuuchukua upande wake wa chini, na neva yake na damu yake, akaupitisha kwapani na kuushona kwenye kano ya kiwiko, ufanye kazi ya msuli uliokufa. Alikuwa amewafanyia askari baada ya vita. Wengine walipata, wengine hawakupata.

"Anauliza unataka?" alisema Thuraiya.

Ilikuwa ni mara ya kwanza tangu Mwanabaraka aanguke kuulizwa neno hilo.

"Mwambie miezi yote nakula kwa nkono wa kushoto kama ntu asiyefunzwa. Afanye."

Baada ya kupasuliwa tena alikaa ndani ya plasta, kiwiko kimekunjwa na mkono umefungwa kifuani, mpaka ngozi ikamwasha vibaya. Plasta ilipotoka mkono ukaanguka vile vile, na alilia kwa ghadhabu. Thuraiya akamfundisha: asifikirie kiwiko, afikirie kifua, kama anayekumbatia mtu. Siku nyingi hakukuwa na kitu. Kisha jioni moja, sahani ya wali mbele yake, alibana kifua, kiwiko kikakunjika polepole kwa kutetemeka. Tonge likamfika mdomoni, nusu yake imemwagika kifuani. Alikula iliyobaki, akafanya tonge jengine.

Hakurudi kwa Pandu. Alishukia Wesha, bandari ya Pemba, akaenda Vitongoji kwa kaka yake Shaame. Pandu alimfuata akiwa amevaa kanzu ya Ijumaa.

"Nimekuja kumchukua mke wangu, shemegi."

"Mwenyewe huyo, zungumza naye," alisema Shaame. "Lakini kwanza yaseme yale ya shambani. Nataka kuyasikia kwako."

Pandu alijifuta jasho. "Yale ni mambo ya Mungu, shemegi. Yameshapita."

Mwanabaraka alikuwa ukumbini akisuka ukili, mkono wa kulia umelazwa mapajani, vidole vikienda. Aliuweka ukili chini.

"Mungu hakushika kitu chochote siku ile," alisema. "Nipe talaka yangu, Pandu."

Hakumpa siku hiyo. Alimpa baada ya Shaame kumfikisha kwa kadhi, na hata huko hakuyasema yale ya shambani. Bega la Mwanabaraka lilibaki limesinyaa, hakuweza kuinua mkono kutoka begani, na siku za kusi ulimwunguza kama umetiwa pilipili. Watu walimwambia asamehe sasa, maana kiwiko kinakunjika. Aliwajibu kwamba kiwiko kilikunjwa na daktari, na kwamba yeye bado amekasirika.