Keekee ya Mama Ebinda

1

Bega la kulia. Daktari amelipasua mara mbili.

Mimi ni Wilondja, mzaliwa wa Baraka, kando ya Tanganyika. Miaka kumi na moja nimekata nyama kiwandani katika mji huu wa theluji. Mwili mzima umechoka, ila bega ndilo lililotangulia.

2

TANGAZO
(limebandikwa kwenye nguzo, ukingoni mwa ziwa)

Watumiaji wote wanaarifiwa kuwa barafu isiyofikia unene wa inchi nne isikanyagwe. Kila mvuvi apime mwenyewe. Barafu haina dhamana.

3

Mke wangu Mlasi hajala chakula cha maana tangu Jumanne. Dawa za saratani zimemharibia ulimi. Wali, ladha ya chuma. Chai, chuma. Jana akataja kitu kimoja.

Samaki.

Si wa dukani. Aliyetoka majini leo.

4

Ujumbe wa sauti kutoka kwa binti yetu, Ebinda:

"Papa, nasikia unataka kurudi kule kwenye barafu. Kwa bega gani? Mwaka jana ulizungusha ile keekee ya mkono ya kutobolea barafu, mashimo mawili tu, wiki nzima hukuweza kuvaa shati. Papa, mimi siwezi kuuguza watu wawili. Kazini wameshaanza kuniuliza, na mimi si—"

Ukakatikia hapo.

5

Dukani. Keekee za mashine, aina tatu, zimeegemea ukuta.

Ya petroli: haishindwi na barafu yoyote. Nzito kama mtoto aliyelala. Ikikwama, inamzungusha mwenye kuishika.

Ya betri: haina moshi, si nzito sana. Baridi ikikaza, betri huisha mapema. Wenyeji huiweka ndani ya koti ipate joto.

Ya kufunga kwenye drili ya fundi: nyepesi kuliko zote. Drili iwe na nguvu, la sivyo inaungua.

"Unavua peke yako?" muuzaji aliuliza.

"Ndiyo."

"Hapana," alisema Mlasi nyuma yangu. Nilikuwa nimemwacha garini.

6

Mlasi anasimulia:

Miezi saba watu wananibebea kila kitu. Mkoba. Kikombe. Hata kulia, Ebinda ananililia. Nikaishika ile ya betri kwa mikono miwili. Mashine ikanyanyuka.

"Mama Ebinda, weka chini."

"Nani atatoboa, Papa Ebinda? Bega lako?"

Akatoa pochi. Nimeishi naye miaka thelathini na minne. Najua akilipa bila kubishana vile amekubali, na ameumia.

7

Wewe unayesoma, ungekuwepo ungemzuia. Hata mimi mumewe nilikaribia.

Jumamosi, saa nne asubuhi. Karibu na ukingo tulipima kwenye shimo lililoachwa na mvuvi mwingine: inchi tisa. Tukasogea mbele. Mlasi akatoa betri kifuani, chini ya kitenge na makoti mawili, akaipachika. Akabonyeza. Chenga za barafu zikaruka hadi magotini. Alipumzika mara tatu. Mimi nilisimama mikono mfukoni, najifunza kutosaidia, na kujifunza huko—

Kisha maji

yakapanda.

8

Tulitumbukiza ndoano, tukakaa juu ya ndoo mbili. Saa moja ikapita. Ya pili nayo.

Hakuna.

"Turudi," nilisema. "Umechoka."

"Nimechoka."

Akainuka. Hakuelekea kwenye gari. Alitembea hatua kama ishirini kwenda katikati ya ziwa, polepole, akasimama, akafuta theluji kwa kiatu.

"Hapa," alisema. "Niletee mashine."

Nikaiinua kwa mkono wa kushoto.