Nimelidhika, Alisema Kuku

Jumamosi saa kumi kasoro, Bartholomew alitoa betri ya gari chini ya kitanda, akaiunganisha na televisheni, akakaa kwenye kigoda ili amwulize mkewe ufunguo wa ghala uko wapi. Mkewe, Mukai, alikuwa ameketi kando yake akitoa mbaazi kwenye maganda. Alijua ufunguo ulipo, lakini hakuweza kusema kabla ya kipindi kuanza.

Kipindi chenyewe kilikuwa katuni ya wanyama, iliyoonyeshwa nchi nzima mwaka huo wa 2004. Wimbo wa mwanzo ulipokwisha, kuku mnene aliyeitwa Tetea alitokea mbio, akajikwaa, akatumbukia kisimani. Watoto wa kijiji chao, Mitaboni, waliojaa mlangoni walicheka. Kuku alitoa kichwa nje ya maji.

"Ufunguo uko nyuma ya picha ya Familia Takatifu, Baba Ndunge," alisema. "Na hiyo betri uipeleke ichajiwe, naona huku giza."

Bartholomew alitazama nyuma ya picha, akapata ufunguo. Huko Kisumu, mtu mwingine aliyekuwa akitazama katuni hiyo naye aliangalia nyuma ya picha yake. Alipata ufunguo wa baiskeli aliyokwisha kuibiwa.

Sauti ya Mukai ilikuwa imebaki Nairobi. Mwaka uliotangulia, watu wa studio walikuja parokiani kutafuta sauti za katuni, na padri akawaonyesha kwaya. Mukai ndiye aliyeanzisha nyimbo. Walimpa asome maneno ya Simba Jike, malkia wa wanyama, naye akayasoma hata mtayarishaji, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akasahau chai yake mkononi.

"Sauti ni ya malkia kabisa," alisema. "Lakini malkia hawezi kusema 'lafiki zangu'."

"Kwani malkia hana lafiki?" Mukai aliuliza.

Watu wa studio walicheka mpaka wakafuta machozi, na kwa sababu hiyo wakampa kuku. Umalkia ulipewa dada mmoja wa Nairobi ambaye r yake ilinguruma vizuri. Mukai aliambiwa asibadilishe kitu, ila aongeze Kikamba kidogo kila anapoanguka. Alisema maneno yake yote ndani ya chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili kuzuia mwangwi. Alipotoka, sauti haikutoka naye. Fundi wa mitambo alirudi ndani kuitafuta, akaikuta kwenye kanda, salama, ikikohoa.

"Hutokea," fundi alisema. "Ikishazoea kanda, kuitoa ni kazi."

Mtayarishaji alimwambia Mukai asiwe na wasiwasi, kwa kuwa sauti yake ingesikika kila Jumamosi. Dada wa Nairobi alirudi nyumbani na ya kwake.

Basi Mukai aliishi hivyo. Kanisani aliendelea kusimama mbele na kufungua kinywa, na kwaya ikaingia bila kukosea, kwa maana walimtazama midomo. Alfajiri alipiga magoti kando ya kitanda akasali rozari yote kimya, wala hapo hakupungukiwa na kitu. Mungu hahitaji betri.

Shida ilikuwa Ndunge, binti yao. Alikuwa amechumbiwa na Ndambuki wa Muthetheni, na jamaa za Ndambuki walitaka kuleta mbuzi wa ntheo. Bila mbuzi hao Wakamba hawahesabu kwamba kuna ndoa, hata padri akibariki. Na katika ukoo wa Bartholomew, mbuzi wa ntheo hachinjwi mpaka mama wa msichana aseme kwa sauti yake mwenyewe kwamba ameridhika. Kuitikia kwa kichwa hakukubaliwi. Shangazi mmoja wa zamani aliitikia kwa kichwa kwa sababu ya nzi, na binti yake akaolewa na mtu ambaye hakuna aliyemtaka.

"Si waje Jumamosi, saa kumi," Ndunge alisema.

"Na mama yako akianguka kisimani?" Bartholomew aliuliza.

"Ataanguka, Baba. Yeye huanguka kila wiki. Aseme akiwa huko."

Wageni walifika mapema wakiongozwa na Erastus, mjomba wa Ndambuki na msemaji wao. Mbuzi walikuwa wamenunuliwa kwa Nuradin, mfanyabiashara wa mifugo wa Machakos mjini, naye aliwaleta kwa pikapu yake mwenyewe.

"Mimi sina haraka," alisema. "Bibi yangu Nimco amenituma nimwone huyo kuku kwa karibu."

Wakati watu wakinywa chai, dume kubwa kuliko wote lilitafuna waya wa eriali. Televisheni ikajaa chenga. Ndunge alifunika uso kwa kanga. Nuradin alichukua kipande cha waya kilichobaki, akakizungusha kwenye pembe ya dume, na picha ikarudi, safi kuliko zamani, tena ya rangi, ingawa televisheni yenyewe haikuwa ya rangi. Ndipo Mitaboni walipojua kwamba Tetea ni wa manjano.

"Mwelekeze upande wa Tala," Bartholomew alisema. "Akitazama jikoni sauti inapotea."

"Jikoni ndiko anaogopa," Nuradin alijibu, akamshika pembe zote mbili.

Siku hiyo Tetea hakuanguka kisimani. Alikuwa ameitwa mbele ya kiti cha Simba Jike kujibu shtaka la kupiga kelele. Erastus alisimama, akavua kofia, akaikabili televisheni.

"Mwaitu, mama wa Ndunge," alisema, "sisi ni watu wa Muthetheni. Mbuzi tumeleta, macho yako yameona. Umelidhika?"

Tetea alifungua mdomo.

"Nyamaza, Tetea," alisema Simba Jike, na r zote za baraza lake zikanguruma nyuma yake. Kicheko cha studio kikasikika. Tetea alijaribu tena. "Nyamaza. Kuku hasemi barazani."

"Huyo naye ni nani?" Erastus aliuliza.

"Ni wa Nairobi," watoto walimwambia.

Kipindi kilikuwa karibu kwisha. Ndunge alianza Salamu Maria, baba yake akaidaka, watoto wa mlangoni wakaipokea kama darasani. Nuradin naye aliomba kwa namna yake bila kuachia pembe. Mukai aliweka ungo wa mbaazi chini, akainuka, akalaza kiganja juu ya kioo cha televisheni.

Tetea aliruka, akatua katikati ya masikio ya malkia.

"Ndunge ni mtoto yangu," alisema. "Ndambuki ni kijana mpole, ingawa anakula sana. Nimelidhika. Mbuzi ichinjwe."

Vigelegele viliwafukuza kuku halisi mpaka kwa jirani. Erastus alicheza na kofia yake, Bartholomew alicheza na Erastus. Ndambuki, kwa aibu, alikataa sahani ya pili, kisha akaichukua. Dume la eriali halikuchinjwa, maana lingeondoka na picha, alichinjwa mwenzake. Jioni hiyo, kote nchini, watoto waliwaambia mama zao kwamba kuku amesema mbuzi ichinjwe, na mabucha yakaishiwa.

Mtayarishaji alipiga simu parokiani kupongeza. Watazamaji walikuwa wakimpenda kuku, alisema, na katika mfululizo mpya angechimbiwa kisima kirefu zaidi. Ila neno moja lilikuwa limewasumbua. Kwa hiyo katika marudio ya kipindi, fundi alikata l ya Mukai, akapachika r aliyoiazima kwa malkia. Erastus aliyaona marudio hayo akiwa Muthetheni. Alituma ujumbe kuuliza kama yule dada wa Nairobi aliyeridhika naye apelekewe mbuzi.

Ile l iliyokatwa ilifika Mitaboni baada ya siku chache, imechoka, ikapanda ulimini mwa Mukai. Tangu hapo anaweza kusema herufi hiyo moja. Huanzishia kwaya nyimbo zote kwa la-la-la, na padri amesema inatosha.

Ndunge alihamia Muthetheni, na maswali ya nyumbani yakapungua. Jumamosi moja Bartholomew aliwasha televisheni akiwa hana ufunguo wala chumvi ya kutafuta. Dume lilikuwa dirishani, limeelekea Tala. Alingoja kuku aanguke, halafu akavuta kigoda karibu.

"Mama Ndunge," alisema, "sijawahi kukuuliza. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Tetea alitazama juu kutoka kisimani. Alifuta maji machoni kwa bawa, akafungua mdomo.

"Nyamaza, Tetea," alisema Simba Jike, na wimbo wa mwisho ukaanza.

Watoto walicheka. Bartholomew alichomoa betri. Kando yake Mukai alisema herufi yake, mara moja, polepole, akaendelea na mbaazi.