Fimbo ya Kumi na Tano

Baba na shangazi hawajaongea vizuri tangu babu afariki, na safari hii ugomvi ulikuwa juu ya begi la gofu la babu. Baba alitaka kuliweka sebuleni ndani ya kabati la kioo, wageni waliangalie. Shangazi akasema fimbo za gofu si sahani za harusi, zinataka kuchezewa, na kwamba akilipata yeye ananipa mimi, ambaye kila likizo napiga mipira kwa fimbo ninazoazima kwake. Walipochoka kutukanana kwenye simu wakakubaliana wacheze mashimo tisa. Atakayeshinda mashimo mengi, begi lake.

Kwa hiyo nilijua nataka nani ashinde. Lakini nilienda na baba, kiti cha nyuma, mdomo nimeufunga. Tulichelewa. Alikuwa anatafuta glavu yake, mama akamwambia ipo palepale alipoitupa, na hiyo nayo ikawa kesi.

Shangazi tulimkuta ameshafika zamani. Ameshanyoosha mgongo, ameshapiga mipira ya kupasha mwili, kila mpira ameutia nukta ya rangi ya kucha ili usichanganywe na wa mtu. Alikuwa kwenye nyasi fupi za mazoezi anajaribu fimbo mbili za kusukumia mpira shimoni, mara hii, mara ile, achague moja ya kuchezea.

Baba akasema kwa sauti, watu wasikie, "Dada, unajinyoosha kama paka aliyeshiba."

"Na wewe umekuja umekunjamana kama shati la jana," shangazi akajibu bila kugeuka. "Kanawe uso kwanza."

Nahodha wa klabu, aliyekuja kuwa shahidi, akajifanya anaangalia saa. Alipowaita, shangazi akaokota vitu vyake vyote upesi, maana hana tabia ya kuacha kitu kwenye nyasi, akavitia kwenye begi. Fimbo zote mbili zikaingia. Mchezaji haruhusiwi kubeba zaidi ya kumi na nne, hata mimi nalijua hilo. Na yeye huzihesabu kila anapotoka nyumbani, ila siku hiyo aliongeza moja ya kujaribu tu. Pale hakuzihesabu tena. Maandalizi yenyewe ndiyo yaliyomponza.

Alipoinama kufunga kamba za viatu, nikamwona baba anapitisha kidole juu ya fimbo za dada yake, midomo inacheza. Alipofika mwisho akatabasamu, akaniinamia sikioni.

"Kumi na tano. Ukisema, tutaonana nyumbani."

Sikusema. Mimi hata kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda chooni, nasubiri mwenzangu aombe kwanza.

Wakaanza. Baba mwili haujachangamka, mpira wake wa kwanza ukaenda kwenye miti. Akalaumu upepo. Shimo la pili akalaumu viatu. Shangazi kabla ya kila pigo anasimama nyuma ya mpira, anaangalia anakotaka uende, anavuta pumzi moja, anapiga. Ukiharibika hasemi kitu, anaufuata. Baba akaanza kukohoa kila shangazi akivuta ile pumzi. Shangazi akamwuliza kama kifua kinambana amletee dawa ya watoto. Baada ya hapo hawakusemezana tena, walikuwa wanapishana tu kama watu waliogombania foleni.

Tulipomaliza shimo la saba, shangazi alikuwa mbele kwa mashimo mawili, na yamebaki mawili. Hata wakitoka sare shimo linalofuata, kwisha. Hapo ndipo baba akamwita nahodha, uso mpole kabisa, akamwomba amhesabie dada yake fimbo.

Nahodha akahesabu. Akarudia. Akasema adhabu ni kukatwa mashimo mawili, yaani sasa wako sawa. Halafu akamwuliza baba amejua lini. Baba akasema ameziona sasa hivi. Nahodha akaeleza kwa nini anauliza: kwa sheria ya klabu yetu, ukiona kosa la mpinzani unalisema kabla shimo linalofuata halijaanza. Ukilinyamazia, umelisamehe.

"Nimeshakwambia, sasa hivi," baba akasema.

Shangazi hakubisha. Alikuwa anazitazama fimbo zake kama zimemtukana. Nikaliona begi la babu linaingia kwenye kabati la kioo, na mimi nalifuta vumbi kila Jumamosi.

"Alihesabu kabla ya shimo la kwanza," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, nahodha akaniambia nirudie.

"Alihesabu shangazi akifunga viatu. Akaniambia nisiseme."

Baba akanigeukia taratibu. "Unasema uongo kwa sababu unalitaka hilo begi."

"Nalitaka," nikasema. "Na ulihesabu."

Nahodha akamtazama baba, akangoja akane. Baba akaivua glavu, akaivaa tena. Ikatosha. Fimbo moja ikatolewa, na yale mashimo mawili yakabaki ya shangazi. Shimo la nane baba akapiga kwa hasira, mpira ukaingia bwawani. Wa pili ukaufuata mwenzake. Hakungoja shangazi amalize, akaelekea kwenye gari.

Nilidhani shangazi atanikumbatia. Alilichukua begi la babu ofisini kwa nahodha, lilikowekwa kumngoja mshindi, akalitua miguuni kwangu.

"Kwa hiyo mashimo saba yote ulikuwa unajua, unaniangalia tu?"

Nikamwambia niliogopa.

"Begi ni lako, nilishasema na sirudi nyuma. Usafiri kamwombe baba yako."

Baba alikuwa ameshawasha gari. Nikafungua mlango wa nyuma. Akaniambia, macho mbele, kwamba mimi naweza kuingia, ila begi hilo haliingii kwenye gari lake.

Nikaufunga mlango. Nikalitia begi begani, mkanda ukaniuma, nikaanza kutembea kuelekea getini, fimbo zinagongana mgongoni. Gari likanipita, vioo vimepandishwa vyote.