Picha Iliyopigwa na Mvua

Mimi si mtu wa kusifia vyombo. Kamera ni sanduku lenye tundu, basi, na mtu akianza kunitambia kuwa yake imetoka Ujerumani namuuliza kama na yeye katoka huko. Lakini kile kidude nilikipenda tangu siku ya kwanza. Kilikuwa na ukubwa wa kibiriti, kina kioo cheusi upande mmoja, na unakichomeka kwenye taa ya fleshi pale ulipozoea kuchomeka waya. Fleshi moja inabaki kwenye kamera. Ya pili unaipeleka unakotaka, juu ya kabati au nyuma ya kiti, bila waya wowote wa kukwaza watu. Ya kwanza ikiwaka tu, kidude kinauona ule mwanga na kuiwasha ya pili papo hapo, hata usijue ipi ilitangulia.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu. Studio yangu ilikuwa Latema Road, ghorofani, juu ya duka la viatu, na harufu ya mpira mpya ilipanda mpaka kwenye koti nililowaazima wateja. Wengi walikuwa watu wetu wa magharibi waliotaka picha ya kupeleka nyumbani, ionekane Nairobi imewakubali. Fleshi ya kwenye kamera peke yake humfanya mtu awe na uso bapa kama chapati. Nikiwa na ile ya pili kando, mtu anapata pua na shavu, na hata asiye na mawazo anaonekana anayo. Majirani zangu wa Uthiru walikuwa wakipanda basi kuja mjini kwa ajili hiyo tu.

Kisha mvua za masika zikaanza, na kidude kikaniaibisha. Mzee Zadock, mzee wa kanisa letu, alikuwa ameketi kwenye kiti akichana ndevu, mimi niko nyuma nanawa mikono. Umeme ukapiga nje, na fleshi ya juu ya kabati ikawaka yenyewe.

"Nani amepiga?" akauliza.

"Hakuna mtu, mzee."

Umeme ukapiga tena, na fleshi ikaitikia tena. Mzee Zadock akachukua kofia yake. "Were, hii studio yako iombewe," akasema, akashuka ngazi na ndevu zimechanwa upande mmoja. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nilielewa kilichotokea: kidude hakijui mwanga wa mtu na mwanga wa Mungu, kikiona umeme kinatii. Kuelewa hakukunipunguzia hasira. Nilikifunga ndani ya gazeti nikirudishe kwa yule Mhindi aliyeniuzia.

Kabla sijakirudisha, Alhamisi, akaja Syokau.

Alikuwa amefunga kitambaa cha kijani kichwani na ameshika bahasha. Aliniambia jina lake, Syokau Nzomo, na kwamba anaunganisha simu pale mjini na anakaa kwa dada yake Muthangari. Kisha akapanga picha saba mezani, moja baada ya nyingine, kama mtu anayecheza karata. Kulikuwa na ya shule, ya ubatizo, ya harusi ya dada, na ya kitambulisho cha kazi. Zote ni yeye, na katika zote saba amefumba macho.

"Nimekuwa hivi tangu nikiwa mtoto," akasema. "Fleshi ikija, nimeshafunga."

"Wengi hufumba, dada. Tutapiga, tutarudia."

"Jumanne naenda operesheni. Hii ya kushoto inatolewa." Alilitaja jicho vile mtu anavyotaja jino. "Kuna kitu inamea nyuma yake. Daktari amesema tukingoja itaenda kwa kichwa. Sasa nataka picha moja tu, Bwana Were, niko na macho yangu mbili. Mama yangu huko Mwingi awe na kitu ya kuangalia. Na mimi pia."

Nililitazama lile jicho. Lilikuwa limetokeza kidogo kuliko mwenzake, na nisingeliona kama asingeniambia. Yalikuwa macho ya kahawia iliyoiva, yenye kope nzito, na hakuna picha hata moja duniani iliyoyaonyesha. Nikamwambia kwa majivuno yangu yote kwamba kwa Were hakuna mtu anayefumba.

Alifumba. Siku ile nilipiga mara nane, nikaingia chumba cha giza nikaosha filamu, nikamkuta mwenye macho yaliyofungwa mara nane. Ijumaa alirudi baada ya zamu. Nilimhesabia mpaka tatu nikapiga kwenye mbili. Nikatumia waya mrefu wenye kitufe mwisho, nikauficha mgongoni. Nikamsimulia habari za jogoo wa jirani yangu anayewika saa nane mchana, na katikati ya jogoo nikabonyeza. Alifumba huku anacheka. Uvumilivu si fungu langu, na hapo ulikwisha.

"Kwani wewe unajuaje?" nikafoka. "Mkono wangu huuoni!"

Hakukasirika. "Mimi kazi yangu ni kusikiza," akasema. "Kutwa nzima niko na watu masikioni. Mtu akitaka kukata simu, mimi najua kabla hajakata. Na wewe ukitaka kupiga, unabana pumzi."

Nilikaa chini. Miaka kumi na moja nimepiga picha za maharusi, makarani na watoto wachanga, wala hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nikajaribu kupiga huku napumua, nikahema kama mbwa, na kidole kilipokaribia kitufe kifua kikasimama chenyewe. Naye akafumba. Basi shida haikuwa macho yake. Shida ilikuwa kwamba kila aliyempiga picha alikuwa anataka kitu, na yeye aliusikia ule utakaji ukija.

Nikamtazama, nikalitazama lile gazeti lenye kidude juu ya rafu.

"Kesho ni Jumamosi," nikasema. "Ukiona wingu, kuja."

Wingu lilianza upande wa Ngong baada ya saa nane, na kufikia saa kumi jiji zima lilikuwa na rangi ya sufuria. Alifika na matone mabegani. Nilifunga pazia, nikaacha upenyo wa kiganja kimoja. Fleshi nikaielekeza kwenye shuka jeupe ukutani ili mwanga wake umrudie Syokau taratibu, usimpige usoni. Kidude nikakigeuza kitazame nje kupitia ule upenyo. Kamera haikuwa na fleshi yoyote.

"Leo sipigi mimi," nikamweleza. "Nitafungua lenzi, niiache wazi. Humu ni giza, filamu haitapata kitu, itangoja tu. Umeme ukipiga huko nje, hiyo fleshi itawaka. Hakuna mtu anajua ni saa ngapi. Mimi sijui, wewe hujui."

"Na mvua?"

"Hata yenyewe haijui."

Filamu ilikuwa na nafasi kumi na mbili. Kila nafasi ningeifungua, nihesabu mpaka sitini, niifunge, nisogeze filamu, nifungue nyingine. Zaidi ya hapo hata giza lingeanza kuandika kwenye filamu. Nikamwambia atazame ule upenyo wa dirisha. Nikafungua ya kwanza.

Mvua ikaja juu ya mabati ya jirani, kwanza kama mtu anayepepeta mchele, kisha yote kwa pamoja. Chini, barabara ilinyamaza. Wachuuzi walikuwa wamekimbilia vibarazani, na mji uliokuwa na kelele tangu asubuhi ukawa sauti moja tu ya maji. Syokau nilimwona kama kivuli chenye shingo ndefu. Ile taa ndogo nyekundu ya fleshi, inayosema niko tayari, ilikuwa inamulika kidole changu. Nikafunga. Nikafungua ya pili, ya tatu. Umeme ulicheza mbali sana, labda upande wa Kikuyu, mwanga mwembamba usiofika kwenye kidude.

"Naweza kuongea?" akauliza.

"Ongea. Gizani mdomo hauonekani."

Akaniambia habari za simu. Kuna mwanamume hupiga Kisumu kila Jumamosi, akasema, anaomba dakika tatu, na akiunganishwa hawasemi. Yule wa huku anapumua, na yule wa kule anapumua. Dakika tatu zikiisha, mmoja anasema haya, na mwingine anasema haya. Zamani alidhani laini ni mbovu. Siku hizi akiwaunganisha anatoa mkono polepole, kama mtu anayetoka kwenye chumba alicholala mtoto. Alisimulia kwa sauti ile ya kazini, laini na isiyo na haraka, na nikajiona kana kwamba niko mwisho wa waya mrefu, mahali ambapo hakuna studio wala Jumanne. Nilisahau kuhesabu. Nafasi ya sita ikapita namna hiyo.

Nikiwa nasogeza filamu kwenda ya nane, lenzi imefungwa, umeme ukapiga juu ya paa hasa. Fleshi ikawaka, chumba chote kikawa cheupe, bure tu. Niliutukana umeme kwa Kiluhya, matusi ambayo Mzee Zadock angeyaombea wiki nzima. Syokau akacheka mpaka akashika kiti.

"Umefumba?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema, na kicheko kikamkauka. "Bwana Were, sikufumba. Nimeona kila kitu. Nimeona hata wewe."

Kumbe inawezekana! Tukangoja sasa kwa tamaa, na hilo likawa baya zaidi, maana hakuna kinachochelewa kama kinachongojwa. Ya nane ikaisha, ya tisa, ya kumi. Mvua ikaanza kupungua. Nilizisikia nyayo za kwanza zikirudi barabarani. Ya kumi na moja ikaisha. Nilifungua ya kumi na mbili na sikuhesabu tena. Nilikuwa nimechoka, na ile kamera sikuitaka tena. Nilikuwa nafikiria mtu huyu wa miaka ishirini na tisa, anayesikiliza pumzi za watu wote wa nchi hii, Jumatatu akipanda basi peke yake na kibegi chake kwenda kulala kwenye kitanda cha chuma. Nilimhurumia. Hapana, niseme kweli: nilikuwa nimempenda, tangu aliponiambia nabana pumzi.

"Syokau," nikasema. "Unaogopa?"

Kivuli chake kiliacha dirisha, kikanigeukia.

Mwanga ukaja. Radi ikaufuata hapo hapo, vioo vikatetemeka, na alichotaka kusema kikazama ndani yake. Nikafunga lenzi.

"Nimefumba?" akauliza.

"Sijui." Nilichokiona kilikuwa doa la kijani tu, linaelea mbele ya macho yangu.

Nikataka kukimbilia chumba cha giza. Akanishika mkono wa shati.

"Usioshe nikiwa hapa. Nikijua nilifumba, nitaingia operesheni na hiyo. Niletee baadaye, vile itakuwa."

Akashuka ngazi. Nilimwona kutoka dirishani akiruka madimbwi kuelekea kituo cha basi, kitambaa cha kijani kikipotea kati ya miavuli.

Niliosha filamu Jumapili, baada ya kanisa. Nafasi kumi na moja zilikuwa ukungu mtupu. Ya mwisho ilikuwa na uso. Nikaweka karatasi kwenye dawa, nikaitikisa sahani polepole, na akaanza kuja: kwanza kitambaa, kisha mstari wa shavu, kisha macho. Yote mawili, wazi, kila moja na nukta yake ya mwanga. Hakuwa anatazama dirisha. Alikuwa ananitazama mimi, midomo imeachana kidogo. Nilisimama pale kwenye taa nyekundu, nikalia kama mtoto, sioni haya kusema.

Alhamisi niliruhusiwa kumwona hospitalini. Alikuwa ameegemea mto, bendeji nene upande wa kushoto, dada yake ameenda kutafuta chai. Uso wake ulikuwa umekonda kwa siku tano. Nikampa bahasha.

Alikaa na ile picha muda mrefu. Aligeuza kichwa ili jicho lililobaki liifikie vizuri. Aligusa lile la kushoto kwenye karatasi kwa ncha ya kidole.

"Kumbe lilikuwa hivi," akasema.

"Lilikuwa hivyo."

"Uliniuliza kama naogopa. Radi ikanikata. Nilitaka kusema hapana." Akaisogeza picha karibu zaidi. "Lakini hapa inaonekana naogopa. Ama?"

Ningeweza kumdanganya. Picha nyingi nilizopiga maishani ni uongo wa adabu, na watu walinishukuru kwazo.

"Inaonekana," nikasema. "Inaonekana yote."

Chozi moja likatoka kwenye jicho moja, akaliacha lishuke.

"Sawa," akasema. "Basi ni mimi. Zile saba zilikuwa za mtu amelala. Mama apelekewe hii."

Nilikuwa nimesimama mguuni pa kitanda na kofia mkononi. Nilikuwa na neno nililokuja nalo kutoka Uthiru, nimelirudia kwenye basi mpaka kondakta akanitazama. Syokau alikuwa bado ameinamia picha yake, upande wa bendeji ukiwa kwangu, kwa hiyo hakuweza kuniona hata kidogo.

"Bwana Were," akasema, bila kuinua kichwa. "Umebana pumzi."

Nikaiachia.

"Haya, sema," akaniambia. "Sitafumba."