Sajenti Kwenye Bakuli

Siku ya pili baada ya daktari kunikata ukucha wa kidole gumba cha mguu, ambao kwa sababu zake binafsi ulikuwa umeamua kukua kuelekea ndani, nilimla mtu wa familia.

Nasema hivi kwa uzito unaostahili.

Nilikuwa nimelazwa sebuleni, mguu juu ya mito, bendeji nene kama kitunguu. Mwalimu wa bweni alinipa ruhusa ya wiki nzima, nadhani kwa furaha. Mama anafanya kazi mjini Alor Setar, kwa hiyo dada yake, Mama Mkubwa, alikuja kutoka Penang kuniuguza. Na kwetu, jimbo la Kedah, kumuuguza mtu aliyekatwa popote mwilini maana yake ni haruan. Ni samaki mweusi wa mifereji ya mpunga, na hapa kijijini hakuna msomi wala asiyesoma anayeamini kwamba kidonda kinaweza kufunga bila supu yake. Mayai marufuku, kamba marufuku. Haruan asubuhi, haruan jioni.

Shida ni kwamba nyumbani tulikuwa na haruan mwingine. Aliishi kwenye tangi la kioo karibu na dirisha, akiitwa Sajenti. Babu alistaafu jeshini akiwa koplo, kwa hiyo samaki alimzidi cheo. Ndoana fulani ya zamani ilikuwa imemchana mdomo, akabaki anacheka kwa dharau upande mmoja.

Bibi alipofariki mwaka jana, Babu aliacha kuongea. Ukimsalimu, anatikisa kichwa. Ukimuuliza kama ameshiba, anatikisa kichwa. Kisha mjomba akamletea Sajenti, na asubuhi moja tukamsikia Babu, kikombe cha kahawa mkononi, akinong'ona kwenye kioo. Baada ya hapo sauti ilirudi polepole, mpaka akawa anagombana na sisi mezani kama zamani. Mama alilia jikoni kwa furaha. Hakuna aliyethubutu kumfanyia Sajenti mzaha, hata mimi niliyewahi kumtangazia mkuu wa shule kifo chake mwenyewe kwenye gwaride.

Basi, mchana ule Mama Mkubwa aliniletea bakuli.

"Kula, Dina. Kunywa na mchuzi wote."

"Mama Mkubwa, hii ni supu au ni adhabu?"

"Ni mguu wako. Ningekuwa mimi daktari, ningekata na huo mdomo kidogo."

Nikala. Ilikuwa tamu, tangawizi tele. Nikaomba bakuli la pili, naye kwa kufurahi akanipa kichwa. Nikakigeuza kwa kijiko.

Kichwa kikanicheka upande mmoja.

Nilihisi ganzi, na safari hii bila sindano.

"Mama Mkubwa, huyu samaki umemtoa wapi?"

"Kwenye ndoo, mlango wa nyuma. Si Bi Saodah alisema ataleta asubuhi?"

"Hodi!" Bi Saodah, jirani yetu, akaingia amelowa mpaka magotini, ndoo mkononi, na ndani ya ndoo kitu kinapiga maji. "Nisameheni jamani, nimechelewa. Huyu mshenzi kanikimbiza mfereji mzima!"

Mama Mkubwa aliiangalia ndoo. Akaliangalia tangi, yaani pale tangi lilipokuwa, maana palikuwa na alama ya maji tu. Akakaa chini sakafuni bila kutafuta kiti.

Uani maji ya bomba yakaacha kumwagika. Babu akaingia na tangi kifuani, limesuguliwa mpaka linang'aa.

"Nani kahamisha ndoo yangu?"

Ikabidi niseme mimi.

"Babu, nimemla Sajenti."

Akacheka! "Leo hunipati. Kilema mzima, bado una visa."

"Babu, naapa."

"Hata kuhusu yule nyoka wa bafuni uliapa."

"Baba," akasema Mama Mkubwa kutoka sakafuni, sauti imekauka, "angalia bakuli."

Akaangalia. Akaliweka tangi chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Bi Saodah, maskini, akasogeza ndoo yake. "Mzee, mchukue huyu. Tena huyu ni mkubwa zaidi."

Babu akamtikisia kichwa.

Hapo ndipo niliposhtuka kweli. Kichwa kile cha kutikiswa bila neno. Tulikivumilia miezi mingi, na sasa kimerudi kwa sababu ya kidole changu.

Jioni Mama aliporudi kutoka kazini alimuuliza Babu kama atakula wali. Kichwa. Mama Mkubwa alimwomba msamaha akilia mpaka kikohozi kikamshika. Kichwa. Mimi nilimwita kutoka kwenye mito yangu, bila utani hata mmoja. Kichwa.

Asubuhi alitoka na kahawa yake, akasimama dirishani mbele ya tangi tupu. Kisha akaja akaketi kwenye mkeka, karibu na mguu wangu, akaikodolea macho bendeji.

"Alikuwa mtamu?"

Nilitafuta uongo. Mimi, ghala la uongo, sikupata hata mmoja.

"Mtamu sana, Babu."

"Nilimlisha vizuri," akasema. "Vyura wadogo. Ijumaa kamba."

Mlangoni Mama akaacha kufagia.

Babu akanywa kahawa. Akaanza, kwa sauti ya chini, macho kwenye kidole changu: kwamba maji yameingia shamba la mzee Pak Jusoh, kwamba bati la jikoni linavuja palepale alipowahi kuambiwa alitengeneze, kwamba mto wa kitandani, ule wa upande wa pili, bado hajaufua. Nikaelewa samaki alikuwa akisikiliza nini miezi yote ile, na kwamba habari zile zote zilikuwa za kumwambia Bibi.

"Babu," nikasema, "mimi..."

"Nyamaza. Sajenti hakuwa akinijibu."

Nikafunga mdomo. Akaendelea.