Majina Saba ya Daulet

Wale watoto hawalii. Ndicho kitu kinachowashtua wageni. Wanaingia kituo cha watoto walioachwa wamejiandaa kwa makelele, wanakuta chumba kizima cha watoto wachanga kimya, macho darini. Mtoto analia akijua kuna mtu atakuja. Hawa walishajua haji mtu.

Kazi yangu ni gari. Shangazi yangu Rauza anawatafsiria wageni wanaokuja hapa Kokshetau, mji wetu wa Wakazaki, kuasili watoto, mimi nawaendesha. Sheria inataka wakae na mtoto majuma mawili kwanza, wazoeane, ndipo wasimame mbele ya hakimu. Baridi ile walikuja Lieve na mumewe Bart, Wabelgiji. Mtoto waliyepewa ni Daulet, hajaanza hata kusimama, kichwa kama tikiti.

Mwanzoni Daulet alimwangalia Lieve kama unavyoangalia ukuta. Lieve anakaa naye sakafuni, anamwimbia, anampulizia tumboni. Bart kazi yake kukunja uso na kutoa ulimi.

"Mwambie aache," nikamwambia shangazi. "Anamtisha mtoto, na mimi ananitisha."

"Subiri uzae wewe. Tutaona utakunja uso gani."

Siku moja tunataka kuondoka, Lieve akamrudisha mtoto kwa mlezi, akafungua mlango. Daulet akalia. Kilio cha hasira, mikono kainyoosha. Lieve naye akalia, Bart akalia, shangazi ndiyo usiseme. Mimi nikaenda kuwasha gari kabla injini haijaganda.

Furaha hiyo ndiyo iliyomponza shangazi.

Kwetu Mkazaki lazima awajue baba zake saba, jina kwa jina kurudi nyuma. Asiyewajua ni yatima hata kama mama yake yuko jikoni anakanda unga. Shangazi akaona aibu mtoto atoke nchini mikono mitupu. Aende Ubelgiji, sawa, lakini aende na majina yake. Baba mtu hajulikani, na mtoto wa hivyo anahesabiwa kwa babu mzaa mama. Kijiji cha msichana aliyemzaa na kumwacha kituoni shangazi alikijua. Akampigia simu shoga yake wa huko, akaulizia ukoo.

"Shangazi, unachokoza nyuki."

"Nyuki gani? Nauliza majina tu. Zawadi ya mtoto."

Majina yakaja. Lieve akawa anayakariri garini, anakosea, namsahihisha. Zhaksybek, Omirtai, Seyit, Koshkar, Baiseke, Tileuke, Malai. Akawa anamnong'oneza Daulet sikioni kila asubuhi, kama dua.

Siku ya mahakama tukamkuta Zhaksybek mwenyewe kwenye benchi. Lile jina la kwanza, babu mzaa mama. Mzee mwembamba, kofia ya manyoya ya mbweha magotini. Hakimu akamuuliza kama ana neno.

"Mtoto ni damu yangu. Namchukua."

Ndugu akisema anachukua, mgeni hana chake. Mambo yakaisha Bart hajavua hata koti.

Nje kwenye theluji shangazi akamkimbilia, na mimi nyuma yake.

"Mzee wangu, ulikuwa unajua kwamba yuko hapa?"

"Tangu amezaliwa."

"Mbona hukuja?"

"Nani aliniuliza? Ilikuwa siri ya nyumba yangu. Wewe ndiye uliyepiga simu kijijini, mwanangu. Sasa nikienda kwa mtu kunywa chai naulizwa, Zhaksybek, kweli mjukuu wako unawapa wageni? Ulitaka nijibu nini?"

"Basi mchukue leo," nikasema. "Gari hili hapa. Nakufikisha mlangoni bure."

Akaangalia gari, akaangalia viatu vyake. "Mama yake anaolewa. Wakwe hawajui lolote. Nikiingia na mtoto, harusi hakuna."

"Baada ya harusi, basi."

"Tutaona."

"Kwa hiyo humtaki na humwachii."

"Una mdomo, kijana. Baba yako nani?"

"Hata yeye angekwambia hivyohivyo."

Shangazi akanifinya mkono. Lieve alikuwa amefika, pua nyekundu. Hakumwomba shangazi amtafsirie kitu. Akasimama mbele ya mzee, akayataja majina yote saba, Zhaksybek mpaka Malai, bila kukosea. Mzee akasikiliza hadi mwisho.

"Kayatamka vizuri," akasema. Akavaa kofia yake, akaenda kusubiri basi.

Kituoni hawakuruhusiwa tena, hata kuaga. Nikawapeleka uwanja wa ndege. Kiti cha mtoto kilikuwa bado kimefungwa nyuma, katikati yao. Hakuna aliyekigusa, basi wakakaa hivyo safari nzima, kila mtu na dirisha lake.

Harusi ilifanyika, nasikia farasi wawili walichinjwa. Mzee hakutokea. Theluji ikayeyuka, hakutokea, na neno lake mahakamani bado limesimama, mgeni mwingine hapewi mtoto. Shangazi bado anatafsiri, lakini siku hizi haulizi mtu ukoo wake.

Juzi nilileta wageni wengine. Daulet alikuwa amesimama kwenye kitanda chake, kashika vyuma vya pembeni. Nikamuuliza mlezi anaendeleaje.

"Alitusumbua sana, huyo. Kila mlango ukifunguliwa, analia, mikono juu. Hatukulala."

"Na sasa?"

"Sasa katulia. Mtoto mzuri."

Nikaenda mlangoni, nikaufungua, nikaubamiza kwa nguvu. Nikaufungua tena.

Hakugeuka.